Maua Makavu Chini ya Dirisha

Wapendwa, naona wengine mmeshaanza kutafuta viatu chini ya benchi. Vaeni taratibu. Kabla hatujaondoka nataka niwapeleke kwenye nyumba moja ya huko juu milimani, kwenye baridi, kahawa na migomba, kwa mzee mmoja na mke wake. Majina yao siwapi. Nikiwapa mtaanza kunong'ona "kumbe ni fulani", na mfano utafia hapo hapo mlangoni.

Mzee huyu alikuwa mkulima, mtu wa jembe asubuhi na jembe jioni, mwenye maneno machache. Maneno yalikuwa ya mke wake. Mama huyu aliuza ndizi sokoni, na watu walipita kwake hata wasipokuwa na haja ya ndizi. Walipita wasalimie tu, wacheke kidogo, waendelee na safari zao. Basi siku moja, akiwa anafunga mzigo arudi nyumbani, kiharusi kikampiga. Upande mmoja wa mwili ukakataa kumtii, ulimi ukawa mzito. Aliporudi kutoka hospitali alikuwa amebebwa, akalazwa kwenye kitanda ambacho mzee alikisogeza dirishani ili apate hewa.

Sasa niulizeni, nje ya dirisha kulikuwa na nini? Ninyi mnazijua nyumba zetu. Uwanja unafagiliwa kila siku mpaka udongo unang'aa, na jani likithubutu kuota linang'olewa kabla halijafungua macho. Hatutaki nyoka, na zaidi ya nyoka hatutaki jirani apite aseme nyumba hii ina wavivu. Mama huyu mwenyewe alikuwa ameufagia uwanja ule tangu alipoolewa, na hapakuwa na uwanja safi kuushinda kijiji kizima. Sasa akawa amelala anautazama: udongo mtupu, na ng'ambo yake ukuta wa jiko. Akautazama wee, mwisho akageuza uso ukutani. Uji akiletewa alimeza kijiko kimoja au viwili, akafumba mdomo.

Mzee alijua maana ya uso kugeukia ukutani. Mama yake mzazi aliondoka hivyo hivyo. Hakuwa na hofu nyingine hapa duniani iliyoizidi hiyo, kwamba asubuhi moja ataingia na bakuli lake la uji akute mgongo tu, na mgongo umepoa.

Alikuwa akimpeleka hospitali ya misheni kwa mazoezi ya viungo. Siku moja wakiwa wamepumzika nje, aliona kitu ambacho hakuwa amekiona kwa muda mrefu: macho ya mke wake yanafuata kitu. Kando ya njia kulikuwa na tuta la maua marefu, ya zambarau, petali zake zimelegea kuelekea chini, na katikati kitovu cha rangi ya chungwa kimesimama kwa ncha ncha nyingi kama mgongo wa kalunguyeye. Nyuki walikuwa juu yake, na vipepeo. Mama akainua ule mkono mzima, akayaonyesha.

Mzee alikuwa hajawahi kupanda kitu kisichoingia kwenye chungu. Lakini siku ile alimfuata mama mmoja aliyekuwa akipalilia bustani, akamwomba miche, akaipeleka nyumbani imefungwa kwenye jani la mgomba. Kesho yake akaenda chini ya dirisha na jembe, akaupasua uwanja ule uliofagiliwa miaka yote. Jirani akapita, akasimama.

"Baba, hayo yanaliwa?"

"Hayaliwi."

"Sasa unalima nini?"

"Simlimii mtu tumbo," mzee akasema. "Namlimia mama macho."

Jirani akaenda zake anatikisa kichwa, na bila shaka alipofika kwake habari iliongezwa chumvi. Mzee hakujali. Alimwagilia miche kwa maji yaliyooshea vyombo, akaikinga na kuku, na kwenye baridi ile yetu ikashika vizuri. Msimu ulipofika ikachanua. Nyuki ndio waliotangulia kupata habari, wakatoka kwenye maua ya kahawa wakaja. Wakafuata vipepeo, wakafuata wale ndege wadogo, chozi, wenye mdomo mwembamba uliopinda. Asubuhi moja mzee yuko jikoni anakoroga uji, akasikia sauti kutoka chumbani. Alikimbia akiwa na mwiko mkononi. Mama alikuwa ametazama nje, na kwa ule ulimi wake mzito alikuwa anasema neno moja, "Nyuki." Mzee akakaa kwenye ukingo wa kitanda akalia, mwiko unamchuruzikia uji kwenye suruali, wala hakuona aibu. Siku hiyo mama alimaliza bakuli.

Wapendwa, maua hayadumu. Petali zilipukutika. Vile vitovu vikabaki juu ya mashina, vikavu, vyeusi, vigumu. Nyuki wakaondoka. Mzee akajipa moyo kwamba furaha ya mama imesimama kwa muda, mvua zikija itarudi. Hakujiuliza kwa nini mama hakuwa amegeukia ukuta tena.

Kumbe asubuhi, yeye akiwa shambani, kundi la chiriku lilikuwa linashuka chini ya lile dirisha. Vile vichwa vikavu vilikuwa vimejaa mbegu. Chiriku wananing'inia juu yake, wanadonoa, wanagombana, mashina yanayumba, mmoja anaanguka na kupanda tena. Mama alikuwa na soko zima mbele ya macho yake, na watu wote wa sokoni anawajua. Mzee aliporudi mchana, mama akamwambia, "Ndege."

"Ndiyo mama, ndege," mzee alimjibu, huku anapuliza uji upoe.

Kesho yake tena, "Ndege." Na mzee, "Eeh, ndege. Fungua mdomo."

Msicheke. Nani kati yetu hana mgonjwa anayemjibu hivyo? Mzee huyu alimpenda mke wake kuliko shamba lake, na bado alimjibu kama mtu anayemtuliza mtoto ili amalize chakula.

Basi zamu ya sala ya jumuiya ikafika nyumbani kwao. Wangekuja kumwombea mama. Mzee alifurahi sana. Jioni ya kuamkia siku hiyo mwenyekiti wa jumuiya, mama mmoja mchapakazi asiyependa mchezo, akaja kutazama mahali pa kuweka viti. Akazunguka nyumba, akafika chini ya dirisha, akashika kiuno.

"Baba, na hivi vikavu?"

"Yalikuwa maua," mzee akasema.

"Najua yalikuwa maua. Sasa ni kuni. Watu wakija kesho wakiona dirishani kwa mgonjwa kumekaa hivi, watasema mama hana wa kumtunza."

Neno hilo lilimchoma mzee pale pale panapouma. Mama hana wa kumtunza? Na yeye je, anayemgeuza kitandani, anayemwosha, anayemsuka nywele kwa vidole vilivyozoea jembe? Asubuhi, mama akiwa bado amelala, akachukua panga akayafyeka yote mpaka chini. Akayabeba hadi kwenye shimo la takataka nyuma ya migomba, akayatupa humo yangoje kuchomwa pamoja na uchafu wa siku hiyo. Akafagia. Kisha akapanga viti vya plastiki vizuri, mstari mmoja, juu ya udongo uleule uliong'aa tena kama zamani. Aliitazama kazi yake akaridhika.

Alipoingia na uji aliwaona chiriku kupitia dirishani. Walishuka wakatua kwenye migongo ya viti, wakarukaruka, wakageuza vichwa huku na huku, wakaondoka. Mzee hakuelewa walichokuwa wanatafuta. Alichoelewa ni cha kitandani: mama alikuwa amegeuka ukutani.

"Mama, uji."

Mzee akasogeza kijiko karibu.

"Mama, wenzako wanakuja kukuombea leo."

Hakugeuka. Mzee akasimama pale na bakuli linapoa mkononi. Akajisemea kwamba mama amezidiwa, na akamshukuru Mungu kwamba siku aliyozidiwa ndiyo siku watu wa sala wanakuja.

Wakaja. Nyimbo zikaimbwa, chumba kikajaa, wengine wakasimama nje dirishani. Mwenyekiti akapiga magoti kando ya kitanda. Na tusimsengenye mama yule, aliomba kwa machozi ya kweli. Akasema, "Bwana, mtumie mama yetu faraja. Hatuombi kubwa. Hata kitu kidogo tu, cha kumfanya ageuke kutoka kwenye huu ukuta."

Ndipo sauti ikatoka ukutani, nzito, inajikokota.

"Alituma."

Mama akavuta pumzi, akatafuta neno la pili mpaka akalipata.

"Mmefyeka."

Mtu mmoja nyuma akanong'ona kwamba mgonjwa anaweweseka. Lakini mzee hakuhitaji kuelezwa. Aliwaona tena akilini wale ndege kwenye migongo ya viti, akasikia lile neno "ndege" alilokuwa akilipuliza pamoja na uji siku zote zile. Akapenya katikati ya watu, akatoka nje, akaenda moja kwa moja nyuma ya migomba na koti lake la kanisani, akaingia kwenye shimo la takataka. Majivu na maganda yakamfika kwenye magoti. Mwenyekiti alimkuta humo anaokota.

"Baba, unafanya nini huko?"

"Natafuta jibu la sala yako, mama. Nililitupa humu asubuhi, ili wewe upate pa kukaa."

Mwenyekiti akasimama hapo juu, akitazama vile vichwa vyeusi mikononi mwa mzee. Akavua viatu, akakunja kitenge, akaingia naye shimoni. Waliobaki juu wakawa wanapokea. Mmoja akachana kamba za mgomba, mwingine akang'oa vijiti vya kutambazia maharage, viti vikasogezwa kando, na vile vichwa vikafungwa kimoja kimoja juu ya vijiti na kuchomekwa chini ya dirisha. Ilikuwa kazi mbaya kuitazama, imepinda huku na kule. Sala ile hakuna aliyekumbuka kuifunga kwa Amina.

Mzee akarudi chumbani ananuka takataka. Akakaa kwenye ukingo wa kitanda, na safari hii hakubeba bakuli.

"Mama," akasema, "hao ndege wako wakoje? Nieleze. Sikukusikiliza."

Mama akageuka. Akaanza kumweleza, neno kwa neno, akipumzika katikati: mdogo, wa njano, kuna mmoja mgomvi, kuna mmoja anaanguka kila mara. Ilichukua muda mrefu sana, na mzee hakummalizia neno hata moja.

Mnataka kujua kama chiriku walirudi. Walirudi, ndege hawana kinyongo kama sisi. Lakini angalieni, mama aligeuka kabla hajarudi hata mmoja.

Sasa turudi kwetu, maana mzee huyo tumeshamtesa vya kutosha. Sisi ni watu wa kuomba sana, na ni watu wa kufagia sana. Ni mara ngapi tunafanya yote mawili siku moja, kwa mtu yule yule? Bibi ana kiredio chake kibovu kinachokoroma, tunakitupa kwa sababu wageni wanakuja. Babu anapenda kukaa barazani na kiti kilichochanika, tunakiondoa, tunamwingiza ndani, halafu tunashangaa kwa nini amekuwa mnyonge. Kisha tunapiga magoti, tunamwambia Mungu atume faraja, kana kwamba yeye ndiye aliyechelewa. Tumemzoea Mungu wa maua yaliyochanua. Yakikauka tunadhani ameondoka, wakati kumbe ndiyo kwanza anawaita ndege.

Na si vitu tu. Kuna wazee wetu humu, na wengine wamebaki nyumbani kwa sababu hakuna aliyewashika mkono kuwaleta. Tunawaona wamekauka. Tunasema siku zao za kuchanua zimepita. Ni nani aliyekaa karibu nao asubuhi akaona nani wanashuka kula kwao? Mjukuu gani anashibishwa pale kwa hadithi? Binti gani anamwaga machozi yake pale na kuondoka amepona? Sisi tuko shambani, hatuoni. Tukirudi tunaambiwa, na tunasema "ndiyo mama, ndege", tunapuliza uji.

Leo mchana mtu atakwambia neno moja ambalo ameshakwambia mara nyingi. Weka bakuli chini. Na wiki hii, kabla hujapiga magoti kumwombea mgonjwa wako, muulize kwanza ni kitu gani nyumbani kwake usikiguse. Akishakujibu, ndipo upige magoti.