Mkaa Ulioiva

Kaeni, wapendwa. Na wewe Mzee Mwakalinga, kaa vizuri, ukisinzia usimwangukie mwenzio. Nimewaona toka wimbo wa pili, safu nzima ya nyuma mnapokezana kupiga miayo. Siwalaumu. Mvua imenyesha siku nne mfululizo, baridi ya huku Uporoto mnaijua, na akina mama wametufanyia ubinadamu wa kuleta majiko mawili ya mkaa humu ndani na kuziba madirisha kwa nailoni. Tunawashukuru sana. Dada Tupokigwe, leo umemleta kichanga wako kanisani mara ya kwanza, na nimefurahi wamekupa kiti cha mbele, hapo karibu na jiko. Hapo ndipo pa heshima. Tulia hapo hapo, somo la leo linakuhusu kidogo.

Nina mfano. Si mrefu, ila unatisha, nami nataka uwatishe. Wiki nzima nimekuwa najiuliza kama niuseme mbele ya mama mzazi au niuache. Nimeamua kuusema, mtanisamehe.

Bibi mmoja, mkulima wa viazi kama ninyi, alikuwa na binti mmoja tu. Binti akaolewa, akakaa miaka saba bila mtoto. Maneno ya watu mnayajua, sina haja ya kuyarudia. Mwaka wa nane akajifungua salama, mtoto wa kike, analia kwa sauti mpaka majirani wanacheka. Yule bibi akafunga nyumba yake, kuku akamwachia jirani, akaenda kwa binti yake kumkanda mama mzazi na kumlea mjukuu mpaka arobaini zitimie.

Sasa, ndani ya nyumba ile kulikuwa na mtungi wa gesi na jiko lake. Mume wa binti aliununua mjini baada ya kusikia redioni habari za nishati safi ya kupikia. Mtungi huo ulikaa wapi? Sebuleni. Umevalishwa kitambaa cha kufuma, na juu ya kitambaa pana maua ya plastiki. Mnacheka nini? Nikipita hapa kijijini nyumba kwa nyumba nitakuta mitungi mingapi imevaa vitambaa? Mgeni akija anachemshiwa chai kwa gesi. Akishaaga, tunarudi kwenye mkaa wetu.

Bibi hakuupenda ule mtungi tangu siku ya kwanza. Alikuwa akipita sebuleni anauzunguka kwa mbali, kama mtu anayempita mbwa asiyemjua. Siku ya tatu binti akachemsha maji ya kumwogesha mtoto kwenye lile jiko. Akaepua, akazima, lakini swichi haikufunga sawasawa. Mara harufu ikaanza kutoka, harufu ya yai viza, ikajaa nyumba nzima. Bibi akatoka chumbani ameziba pua kwa khanga.

"Nini hicho kinanuka?"

"Gesi, mama. Sikufunga vizuri. Nimeshafunga sasa."

"Kitu kinanuka namna hii unakiweka ndani na mtoto? Unataka kutulipua? Kitoke."

"Mama, nimeshafunga, na mlango nimeufungua. Harufu itaisha sasa hivi."

"Kitoke, nimesema. Wewe nimekulea mimi, hukupata hata jipu. Na huyu nitamlea mimi."

Binti angesema nini? Mume alikuwa safarini, na aliyesema ni mama yake mzazi. Mtungi ukatolewa, ukasimamishwa nje kwenye mvua, na kitambaa chake juu.

Halafu bibi akaenda kuwasha jiko la mkaa. Naomba mnisikilize vizuri hapa, kwa sababu bibi yule hakuwa mzembe. Hakuingiza jiko ndani likiwa na moshi. Aliliwasha nje chini ya upenu, akapepea, akangoja. Sisi wenyewe tunasemaje? Mkaa wenye moshi haujaiva, usiuingize. Ukiwa mwekundu kotekote, hauna moshi, hauna harufu, huo umeiva, ingiza chumbani. Nani alitufundisha hivyo? Mama zetu. Na mama zetu nani aliwafundisha? Hilo hatukuuliza.

Mkaa ukaiva. Bibi akauingiza, akauweka karibu na kitanda cha mama na mtoto. Akafunga dirisha. Akasikia upepo unapenya chini ya mlango, akachukua khanga kuukuu, akaikunja, akauziba mwanya wote. Mama mzazi hatakiwi kupigwa na baridi, hilo kila mmoja wetu analijua. Chumba kikapata joto zuri, na bibi akaridhika.

Kesho yake binti akasema, "Mama, kichwa kinaniuma, na miguu haina nguvu."

"Ni baridi imekuingia mifupani," bibi akamjibu. Akaongeza mkaa.

Siku iliyofuata binti akatapika. Bibi akatishika, akampa uji wa pilipili manga, akaongeza mkaa. Binti akasema, "Ajabu, mama, nikitoka kwenda chooni napata nafuu."

"Basi usitoke tena. Nitakuletea ndoo. Nje utapigwa na baridi."

Wapendwa, mmeona anachofanya huyu bibi? Kila binti anapolegea, yeye anaongeza mkaa. Kila anapoongeza mkaa, binti anazidi kulegea. Na yeye mwenyewe haumwi, kwa sababu yeye anaingia na kutoka, mara kisimani, mara jikoni, mara kukata kuni. Anayeumwa ni yule anayetunzwa. Mimi nikifika hapa kwenye mfano nataka kupiga kelele, lakini nampigia nani?

Siku ya nne ya mkaa huo, alasiri, akapita kijana muuza gesi na pikipiki yake. Akauona mtungi kwenye mvua, akasimama. Bibi alikuwa upenuni anapepea mkaa mwingine.

"Shikamoo bibi. Mtungi wenu mbona umenyeshewa?"

"Marahaba. Uchukue uende nao. Unanuka, ulitaka kuniulia mjukuu."

Muuza gesi akacheka. "Gesi yenyewe haina harufu, bibi. Ile harufu inatiwa kiwandani makusudi, ili ikivuja mwenye nyumba ashtuke. Ule mtungi ulikuwa unakuita."

"Uniite nina nini nao? Mkaa wangu hauniiti. Umeiva, haunuki, hauna moshi. Wenyewe wamelala usingizi mzuri tangu asubuhi. Hata mtoto, kwa kulia kule, leo kanyamaza."

Muuza gesi akaacha kucheka. "Tangu asubuhi?"

"Tangu asubuhi."

"Wamelala ndani, na jiko ndani?"

Hakungoja jibu. Alikimbilia mlango wa chumba, akausukuma, ukakataa. Ile khanga ilikuwa imeubana kwa chini. Akausukuma kwa bega mpaka ukaachia. Akamtoa binti, bibi akamtoa mtoto, wakawalaza barazani, mvua inawarushia usoni. Binti akakohoa, akatapika, akafumbua macho. Neno lake la kwanza lilikuwa, "Mbona mwanangu halii?"

Mtoto hakulia. Hakulia siku ile wala siku nyingine.

Na bibi alikuwa amekaa pale chini amemshika nyayo, anamwambia muuza gesi, anawaambia majirani, anamwambia kila aliyefika, "Lakini ana joto. Mshikeni mwone. Mtoto ana joto."

Sasa tuseme wenyewe kwa wenyewe. Mkaa ukiwaka mahali palipofungwa unatoa hewa ya sumu. Hewa hiyo haina rangi, haina harufu, haikereketi kooni. Inaingia kwenye damu na kukaa mahali pa hewa njema, na wewe unaona usingizi tu. Ule wekundu tunaouita kuiva hauiondoi. Moshi umekwisha, sumu ipo. Bibi alikiogopa kitu kilichopiga kelele kumwonya, akakitoa nje. Kilichonyamaza akakiweka karibu na kitanda. Alikuwa mchawi? Alimchukia mjukuu? Hakuna mtu duniani aliyempenda mtoto yule kumzidi. Ndiyo maana naogopa, ndugu zangu. Angekuwa mtu mbaya ningelala vizuri, maana ningesema sisi si kama yeye.

Bibi yule ni sisi. Tazameni ule mlima hapo juu, mnapotoka baadaye. Wazee mnakumbuka msitu ulifika wapi. Leo kuna visiki, na chemchemi ya upande wa kule inatoa maji miezi mitatu tu. Viazi vikinyauka tunasemaje? Tunasema mwaka mbaya. Na tufanyeje ili watoto wale? Tunapanda mlimani kukata miti, tunachoma mkaa, tunauza. Mwaka unaofuata mvua inachelewa zaidi, au inakuja yote kwa siku nne kama hizi na kuondoka na shamba. Tunapanda tena mlimani, tunakata tena. Mgonjwa analegea, tunaongeza mkaa.

Na si huku kwetu tu. Kuna watu kazi yao ni kupima hewa ya dunia, mwaka hadi mwaka. Wanatuambia kuna hewa nyingine, ndugu wa ile iliyomwua mtoto, inayotoka kwenye moto wa viwanda, wa magari, wa misitu inayochomwa. Hii nayo haina harufu wala rangi. Inakaa angani inashika joto kama blanketi, na imezidi kuliko wakati wowote tangu watu waanze kulima. Wenzetu wenye viwanda vikubwa wameongeza mkaa mwingi kuliko sisi, hilo nalisema wazi. Lakini chumba ni kimoja, na dirisha ni hilo hilo. Wanaotuonya tunawaambia nini? Tunawaambia wanatutisha, watoke nje kama ule mtungi na kitambaa chake. Mtu analetewa sola anauliza kama inaweza kuvuta radi. Mtu analetewa jiko la umeme anasema chakula chake hakina ladha. Na siku za joto kali tunasema, mbona mimi sisikii harufu yoyote?

Mtasema, Mchungaji, sisi tuna umri wetu, yatatukuta wapi? Kweli. Bibi naye hakuumwa. Aliyeumwa ni yule aliye kitandani, mdogo, asiyeweza kuinuka akafungua dirisha. Sisi tunaingia na kutoka. Wao tumewafungia humo, tena kwa upendo, na khanga tumeishindilia chini ya mlango.

Mzee Mwakalinga amelala moja kwa moja. Mwamsheni, nakaribia kumaliza.

Mtikiseni kidogo. Mzee.

Subirini. Subirini kwanza, ndugu zangu.

Nina nusu saa nimesimama hapa nawafundisha. Kichwa changu kinagonga toka wimbo wa pili, nikadhani ni njaa, maana asubuhi sikula. Safu yote ya nyuma inapiga miayo na mimi nawatania. Mama Mwaipopo, pale mlangoni uliniambia nini nilipoyaangalia haya majiko? Uliniambia, "Usiwe na wasiwasi, Mchungaji, mkaa umeiva." Na mimi, mwenye mfano wangu mfukoni, nikakushukuru.

Nailoni, zichaneni. Msizikunje, zichaneni, fungueni madirisha yote na mlango. Wanaume wawili wayatoe hayo majiko nje, sasa hivi, mvua iyazime. Mzee Mwakalinga mbebeni mumpeleke penye hewa. Wengine tokeni polepole, anayesikia kizunguzungu amshike mwenzake.

Dada Tupokigwe, wewe wa kwanza. Pisheni njia. Kiti hicho nilikisifia mimi, kwa kinywa changu. Toka nje, usijali mvua. Mfunue uso, ondoa hilo blanketi. Amelala? Amelala tangu saa ngapi? Usiniambie ana joto. Mguse nyayo, mfinye.

Hapana, msianze wimbo. Nyamazeni wote, nyamazeni kabisa. Wimbo wa kufunga ibada tutauanza huyo mtoto akishalia.