Mlango Usio na Nyumba

Hapo zamani, wakati mtu aliweza kumtania mfalme na jioni bado akalala na kichwa chake, palikuwa na Sultani katika mji wa Shungi aliyependa kila kitu kiwe na mahali pake. Basi akatoa amri juu ya dini: dini ni ile yenye nyumba ya ibada, na nyumba ni ile yenye mlango, na mlango ukipigwa muhuri wake, kilicho nyuma yake ni amana, hakiguswi. Misikiti ikapigwa muhuri, kanisa likapigwa muhuri, na hekalu la wafanyabiashara wa Kihindi nalo likapata wake. Wakabaki Wakirindi, wenyeji wa nchi tangu kabla ya masultani, ambao hutambika msituni walikozikwa wazee wao, wala hawajapata kujenga humo hata banda.

Waziri akafurahi, maana jumba jipya la Sultani lilitaka mbao, na mivule ya msitu ule ilikuwa minene kuliko yote. Akapeleka habari kwamba Wakirindi waonyeshe mlango wao siku ya Alhamisi. Wakishindwa, hawana dini, na msitu utakatwa.

Miongoni mwao alikuwako Nyanje, fukara hohehahe, mali yake mbuzi mmoja na mdomo. Watu walimwita mjinga kwa kuwa akiambiwa neno hulishika kama lilivyo. Shangazi yake Mbodze, mlinzi wa msitu, alipata kumwambia aangalie chungu cha uji, naye akakiangalia hata uji ukafurika ukazima moto. Habari ya msitu kukatwa ilimchoma Nyanje, maana mama yake alizikwa mle chini ya mvule. Alilia mbele za watu, wala hakuona haya.

Mbodze akasema, "Mwanangu, sisi tuliomba hapa kabla babu yake Sultani hajaota meno. Muhuri wake watufaa nini? Mizimu yatujua."

"Mizimu yatujua, shangazi," akajibu Nyanje. "Shoka ndilo lisilotujua."

Basi akaenda kibandani kwake, akaung'oa mlango, ubao mkuukuu unaonuka mbuzi, akajitwika pamoja na miimo yake, akausimika ukingoni mwa msitu, penye njia waingiapo watu. Kushoto hapakuwa na ukuta, wala kulia.

Alhamisi ikafika, Sultani akaja mwenyewe, pamoja na waziri na watu wa mashoka. Waziri kuuona mlango ule, akaangua kicheko, akawaamuru watu wake wauzunguke wakaanze kukata. Nyanje akapiga magoti.

"Ee bwana wangu, uliamuru mlango, na mlango ndio huu. Nauliza neno moja tu. Katika mji wako, mtu aingiaye nyumba ya watu asipite mlangoni, huitwaje?"

"Huitwa mwizi," akasema Sultani, kabla hajafikiri.

Watu wa mashoka wakasimama pale pale, maana katika Shungi mwizi hukatwa mkono, na kila mmoja aliupenda wake.

Sultani akauma mdomo asicheke, akasema kwamba yeye atapita mlangoni, akaione hiyo nyumba. Nyanje akamweleza ada: chuma hakiingii, viatu haviingii, na mgeni huingia kinyumenyume, kwa kuwa wazee hawapendi kutazamwa na mtu wasiyemjua. Ikawa Sultani akaweka upanga chini, akavua makubadhi, akatanguliza kisogo, mkono mmoja ukishika kilemba. Waziri akamfuata kwa shingo upande, akatanguliza makalio hata yakafika kwenye upupu. Wakirindi wakatazama chini kwa adabu, ingawa mabega yao yalitikisika.

Mle ndani Sultani akaona makaburi yaliyofagiliwa, na unga wa tambiko ulionyunyizwa asubuhi ile ile. Alikaa sana. Alipotoka hakuwa na kicheko, akauliza kwa nini hawakumwambia mapema kuwa wana wazee wao humo.

Mbodze akamjibu taratibu, "Bwana, wewe uliuliza habari za mlango. Habari za waliomo hukuuliza."

Uso ukamshuka Sultani kwa haya. Kisha akaagiza nta ya lakiri, akaupiga muhuri ule ubao wa mbuzi kwa mkono wake, akamwambia Nyanje aombe atakacho.

"Bwana wangu, mlango wangu sasa ni wa wazee, siwezi kuwanyang'anya. Naomba mwingine, mbuzi asije akalala nje."

Sultani akamgeukia waziri. Waziri, huku akijikuna, akasema kwamba mbao za kuchonga mlango hazipo, maana msitu umekwisha kufungwa.

"Basi wako upo," akasema Sultani, akacheka mpaka akafuta machozi.

Ikawa kibanda cha udongo cha Nyanje kikapata mlango wa waziri, wa nakshi, wenye misumari ya shaba, hata ikabidi paa liinuliwe. Na tangu siku ile Wakirindi walihesabiwa watu wenye dini, na wenye dini huendewa kwa mashauri. Basi waziri alipotumwa kwao mara ya kwanza, alisimama kwa Nyanje, mbele ya mlango uliochongwa na babu yake mwenyewe, akabisha hodi, akangoja akaribishwe.