Ngiri wa Nyuma ya Jiko

Kaeni vizuri. Atakayesinzia hatagawiwa nyama.

Mjane Syombua alikuwa na wana watatu. Musembi alichonga upinde ambao wanaume wazima walishindwa kuuvuta. Mulatya alifua vyembe vya mishale, vikali kiasi cha kunyolea ndevu. Kimanthi alikuwa mlengaji. Nzi akitua puani mwake, hapepesi jicho.

Ngiri mmoja alikuwa amefukua viazi vya mama yao, limebaki tuta moja tu. Ngozi ya ngiri ni ngumu, kwa hiyo vijana wakataka kujua mshale wao unazama kiasi gani. Mama akiwa kisimani, wakachukua ngozi ya ng'ombe anayoanikia mtama, wakaikunja mara mbili, wakaiegemeza kwenye ukuta wa jiko.

"Ukizama vidole vinne, kesho tunamfuata tena porini," akasema Musembi.

"Mama akiiona hiyo ngozi, tutafuatwa sisi," akasema Mulatya.

Kimanthi akaachia.

Wakakimbilia kupima. Tundu walilikuta, mshale hawakuukuta. Ulikuwa umepita ngozi, ukapita udongo wa ukuta, ukatoboa kibuyu cha maziwa, ukatokea upande wa pili. Huko ngiri alikuwa ameinamia maganda ya viazi ambayo Syombua huyatupa nyuma ya jiko, ingawa wanawe walishamkataza mara mia. Akaanguka na ganda mdomoni.

Kwa desturi yao, aliyeua hupewa paja la kulia.

"Upinde dhaifu ungeishia kwenye ngozi," akasema Musembi. "Paja langu."

"Na chembe butu kingeishia ukutani," akasema Mulatya. "Langu."

"Nyie mlikuwa mmekaa. Nani aliachia?" akauliza Kimanthi.

"Ulimlenga ngiri wewe?" akauliza Mulatya.

Kimanthi akakohoa.

Syombua akarudi kutoka kisimani, akatua mtungi. Akatazama ngozi, ukuta, na maziwa yanayoingia majivuni.

"Mwezi mzima porini hamkuona hata mkia wake. Mimi nimemlisha, akaja mwenyewe. Leteni paja."

"Mama, si ulikuwa kisimani!" akasema Musembi.

"Sawa. Basi atakayelipata ajipikie. Jiko lina dirisha sasa, moshi hautamsumbua."

Wakalikata paja, wakaliweka juu ya jiwe, wakaendelea kubishana.

Paja bado liko juu ya jiwe, na nzi wameanza kujigawia. Haya, nyie mliokaa hapa: upinde, chembe, jicho, au maganda? Mngemkabidhi nani?