Jinsi Ngiri Alivyovusha Michembe

Nimekuja na kapu.
— Lifunue tuone.
Lina ngano ndani.
— Tupakulie.
Kidogo au nyingi?
— Mpaka kapu libaki tupu.

Haya, sogeeni. Mwenye mtoto mgongoni amshushe ampakate, maana kuna mahali atacheka na mtoto ataponyoka.

Hapo kale palikuwa na mto mpana, na mto huo uligawa nchi mbili. Upande wa huku udongo ulikuwa mchanga mtupu. Viazi vitamu vilistawi mpaka vikapasua ardhi, karanga na kunde zilipatikana chache, lakini mtama haukukubali hata kidogo. Upande wa ng'ambo udongo ulikuwa mweusi wa kunata. Mtama ulisimama kama msitu, lakini kiazi kikipandwa kilioza. Basi wa huku walikula viazi asubuhi, viazi mchana, viazi jioni. Na wa ng'ambo walikula ugali wa mtama mpaka wakasahau kitu kitamu kikoje.

Upande wa huku aliishi Kuchakuro. Mnamjua Kuchakuro. Ni mdogo, anafanana na kindi, ila kindi anakaa mtini na yeye anakaa shimoni. Alikuwa na watoto, na yule wa mwisho alikuwa bado ananyonya. Shida ni kwamba maziwa yalikuwa yanakauka. Mtoto ananyonya, analia. Ananyonya tena, analia tena. Kuchakuro alimpondea kiazi, mtoto akakitema. Majirani wakamwambia kwamba mtoto anayeachishwa ziwa anataka uji wa mtama. Mtama ulionekana kwa macho, ng'ambo kule, unapepea.

Kuchakuro akatengeneza michembe ya kwenda kubadilisha na mtama. Alichimba viazi, akavimenya, akavikata vipande vyembamba, akavianika juu ya jiwe. Jua likapiga mpaka vipande vikawa vigumu kama vigae. Mchembe ukikauka hivyo unakaa muda mrefu bila kuharibika. Lakini hauliwi hivyo. Kwanza unalowekwa, unavimba, ndipo unapikwa. Kila mama wa upande ule alilijua jambo hilo. Wasiolijua ni wale ambao hawajawahi kusogelea jiko.

Akajaza makapu yake. Kilichobaki kilikuwa kuvuka, na hakuna mnyama mdogo aliyeweza kuuvuka mto ule akiwa na mzigo.

Siku hizo neno likatoka kwa Mfalme Simba. Simba mwenyewe hakuja, alimtuma Kunguru. Kunguru akawakusanya wanyama akawaambia kwamba mfalme amesikitika sana kuona wanauziana viazi wao kwa wao, mwenye viazi anamuuzia mwenye viazi. Nchi haiwezi kuinuka hivyo. Kuanzia sasa bidhaa zao zitavuka mto na kuuzwa ng'ambo. Na ili wasihangaike, mfalme amewateulia Msimamizi wa Kuvusha Bidhaa, naye ni Mzee Ngiri.

Wanyama wakapiga makofi, pa, pa, pa. Ngiri akapiga makofi kuliko wote.

Huyu Ngiri alikuwa na meno yaliyochomoza kama mundu, shingo nene, na tumbo ambalo halijawahi kusema basi. Jambo la kwanza alilofanya ni kuitisha semina. Akawafundisha namna ya kumsalimu mnunuzi wa ng'ambo, namna ya kutabasamu, na namna ya kukunja kitambaa cha kufunikia kapu. Namna ya kuvuka mto hakuwafundisha. Alisema hilo ni somo la mbele. Chakula cha semina kililetwa na wanafunzi, kikaliwa na mwalimu.

Jambo la pili alilofanya ni kutangaza ukaguzi.

Wa kwanza kwenda alikuwa Kanga, na kapu la karanga. Ngiri akalinusa, nff, nff.

"Mama, mgeni wa ng'ambo hapendi aibu," akasema. "Lazima nionje."

Akaonja za juu. Kafu, kafu, kafu.

"Za juu nzuri. Sasa za katikati nitazijuaje?"

Akaonja za katikati. Kafu, kafu, kafu.

"Za katikati nzuri. Lakini wajanja huficha mbovu chini."

Akaonja za chini. Kafu, kafu, kafu. Kisha akalamba kapu.

"Hongera, mama. Karanga zako zimefaulu."

Akachovya kwato kwenye tope, akampiga Kanga muhuri mgongoni, pwa. Kanga akarudi nyumbani na muhuri, na kapu tupu.

Wa pili alikuwa Kobe, na kapu la kunde. Ngiri akanusa, nff, nff. Akaonja za juu, kafu. Akaonja za katikati, kafu. Akaonja za chini, kafu. Kunde zikafaulu, na Kobe akapigwa muhuri, pwa. Kobe alifurahi sana. Akawa haogi, asije akaufuta. Kila aliyekutana naye alimwambia kwamba kunde zake zimefikia kiwango cha ng'ambo. Akiulizwa ziko wapi, anajibu kwamba zimefaulu.

Ikawa hivyo kwa kila mmoja. Kapu lilikwenda limejaa, likarudi limefaulu. Mto hakuna aliyeuvuka. Kunguru alipopita kuuliza habari, Ngiri alimwambia akamweleze mfalme kwamba kazi inakwenda vizuri, bidhaa zote zimefaulu, hakuna hata moja iliyobaki.

Kuchakuro yeye hakwenda. Alitulia shimoni na makapu yake. Lakini pua ya Ngiri ni pua ya Ngiri. Siku moja alipita, akasimama mlangoni, nff, nff, akanusa harufu ya michembe.

"Mama Kuchakuro," akaita, "ninasikia una bidhaa na hujakaguliwa. Kesho ulete. Usipoleta nitaingia nikague humo humo."

Kuchakuro akatazama shimo lake. Ngiri akiingia, shimo litabomoka, na watoto wamo ndani. Akipeleka makapu yataliwa, na mtama utaendelea kupepea ng'ambo. Mtoto akalia. Kuchakuro akampa ziwa, mtoto akanyonya, akalia tena. Hapo Kuchakuro akaushika mchembe mmoja, akaugonga kwa ukucha, ko, ko. Akaucheka.

Akazunguka kwa majirani, akawaomba kesho asubuhi waende kando ya mto na chochote walichobaki nacho. Kanga akaapa kwamba hana hata punje. Kobe naye akaapa kwamba hana hata punje. Wote wakaapa.

"Sawa," Kuchakuro akasema. "Basi leteni hicho ambacho hamna. Mkifunike vizuri."

Asubuhi akaenda kwa Ngiri, mtoto mgongoni, mikono mitupu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mama. Michembe iko wapi?"

"Nimetanguliza makapu mawili mtoni, mzee. Nilifikiri ikishafaulu ivuke palepale, usisumbuke."

Ngiri hakupenda kutembea, lakini aliposikia ni makapu mawili akapenda. Wakafika mtoni. Jua lilikuwa kali. Kuchakuro akafunua kapu la kwanza, kisha akapiga magoti kwa adabu.

"Mzee, niruhusu neno moja. Mchembe kwetu hatuli mkavu. Tunauloweka kwanza."

Ngiri akainua kichwa kutoka kwenye kapu.

"Mama, msimamizi hapa ni nani?"

"Ni wewe, mzee."

"Na aliyefundisha semina ni nani?"

"Ni wewe, mzee."

"Sasa leo unanifundisha kuonja?"

"Nisamehe, mzee. Ni ushamba tu."

Ngiri akaonja ya juu. Kwaru, kwaru, kwaru. Akaonja ya katikati. Kwaru, kwaru, kwaru. Akaonja ya chini. Kwaru, kwaru, kwaru. Kapu likaisha. Koo likamkauka, macho yakahamia kapu la pili.

Kuchakuro akalivuta kapu la pili nyuma kidogo. Akasema amesikia kwamba huko ng'ambo wakaguzi wakubwa hawatoki kapu moja kwenda jingine bila kusafisha kinywa kwa maji mengi, ili ladha zisichanganyike. Lakini hao ni wakaguzi wakubwa. Kwa huku kwetu si lazima.

"Nani amekwambia mimi ni mdogo?" Ngiri akauliza.

Akainamia mto. Gubu, gubu, gubu. Akainua kichwa, akasema bado anaisikia ladha ya kapu la kwanza. Akainama tena. Gubu, gubu, gubu, gubu.

Ndani ya tumbo michembe ikapata maji. Na mchembe ukipata maji haujali uko chunguni au uko ndani ya msimamizi. Unavimba.

Tumbo likasema guu. Ngiri akasema ni upepo tu. Tumbo likasema guu, guu. Mbavu zikafutika. Shingo ikafutika. Miguu ikabaki mifupi kama vifundo, na mkia ukasimama wima kama mlingoti. Akajaribu kugeuka aende nyumbani, akabingirika. Bingiri, bingiri, bingiri, chubwi! Akawa juu ya maji, anaelea kama kibuyu.

"Kuchakuro, nazama."

"Huzami, mzee. Kibuyu hakizami. Ninachoogopa ni kupinduka, kichwa kikaenda chini."

"Nifanyeje?"

"Chombo kikiyumba huwekewa uzito juu yake."

"Niwekeeni uzito basi."

"Tungekuwekea, mzee, lakini hatuna kitu. Bidhaa zote zilifaulu."

"Wekeni chochote, mama, nakuomba."

Kuchakuro akapiga mluzi, fyuu. Vichaka vikatikisika. Akatoka Kanga na kapu la karanga alizokuwa hana. Akatoka Kobe na kapu la kunde alizokuwa hana. Wakatoka na wengine, kila mmoja na kapu alilolificha mvunguni, limefunikwa kwa kitambaa kilichokunjwa kama walivyofundishwa. Wakamvuta Ngiri kando, wakayapanga makapu mgongoni. Akatulia, hakuyumba tena.

Kobe akasita. Akauliza kama ni halali kuvusha kunde ambazo hazijakaguliwa.

"Mkaguzi yuko chini yake," Kuchakuro akamwambia. "Atazihisi njia nzima."

Kuchakuro akapanda na mtoto wake, akaushika mkia. Ngiri akapiga miguu, peku, peku, peku. Alitaka kurudi huku, lakini mkia ukivutwa huku, kichwa kinakwenda kule. Peku, peku, peku, mpaka wakagusa tope jeusi.

Ng'ambo alikuwapo Korongo, mama mkulima, anafukuza ndege wadogo katika mtama wake. Aliwaona wanakuja akasahau ndege. Kuchakuro akamsalimu kama semina ilivyosema, akatabasamu kama semina ilivyosema. Korongo akachukua mchembe mmoja tu, akaugonga, ko, ko, akasema ni mzuri, ataenda kuuloweka. Kisha akamtazama Ngiri, meno yake na makapu yaliyo juu yake.

"Huyu ni nani?"

"Ni Msimamizi wetu wa Kuvusha Bidhaa."

Korongo akashangaa sana.

"Kumbe wa kwenu anabeba mwenyewe? Wa kwetu anaonja tu."

"Wa kwetu naye alianzia hapo," Kuchakuro akasema.

Wakabadilishana. Karanga zikaenda, kunde zikaenda, michembe ya kapu la pili ikaenda, mtama ukaja. Korongo alikuwa na chungu motoni, akakoroga uji mwepesi, akaupuliza, akampa mtoto wa Kuchakuro. Mtoto akaonja wa juu. Akaonja wa katikati. Akaonja wa chini. Kisha, kwa mara ya kwanza tangu maziwa yaanze kukauka, hakulia. Alilala na uji mdomoni.

Wakarudi na mtama juu ya Ngiri. Tumbo lilipopungua, hasira ikampanda. Aliapa kulifukua shimo la Kuchakuro mpaka mwisho wake. Alikuwa ameshafika mlangoni, amechomeka meno kwenye udongo, Kunguru akatua. Alikuwa ameyaona yote kutoka juu, na alikuwa ameshafika kwa mfalme na kurudi.

Kunguru akasema mfalme amefurahi mno. Katika wasimamizi wake wote hakuna aliyewahi kubeba bidhaa za wananchi kwa mgongo wake mwenyewe. Anampongeza, na anamwagiza afanye hivyo kila siku ya gulio, ili wengine waje kujifunza kwake.

Ngiri akafungua mdomo aeleze ilivyokuwa. Akaona kwamba akieleza ilivyokuwa, itabidi aanze na karanga. Akaufunga. Akachomoa meno kwenye udongo, akasema kwamba alipita tu kumjulia hali mtoto.

Tangu siku hiyo, kila gulio Ngiri hupewa kapu moja la michembe mikavu. Hula, hunywa, huvimba, huvusha. Nchi ya viazi ikapata mtama, nchi ya mtama ikapata viazi, na Ngiri akapata sifa. Mpaka leo ukimwona yeye au wanawe wanakimbia, mkia uko juu. Wanadhani wanapakiwa.

Kobe hajaoga bado.

Haya, ngano hii inatufundisha nini? Inatufundisha tuwatii wanaokuja kutuinua. Wakitaka kuonja, tuwape waonje. Tusifiche kapu mvunguni, ni tabia mbaya. Na wakishamaliza kula, wanangu, tusiwanyime maji.

Kapu langu liko tupu.
— Nani amelila?
Nyinyi hapo.
— Basi limefaulu.