Nyegere na Jeshi la Udongo

— Chungu jikoni!
— Kinatokota!
— Nipakue?
— Pakua, njaa inatuuma!
— Na ukoko?
— Ukoko ni wetu!

Basi kaeni vizuri, wewe acha kumfinya mwenzio, nianze kabla sijasahau.

Alikuwepo Pimbi, mama kijana, uzazi wa kwanza, watoto watatu kwa mpigo. Pimbi mnamjua, yule mnyama mdogo wa majabalini, mnene kama kitumbua, hana mkia, hana pembe, alichojaliwa ni nyayo zinazonata kwenye mwamba. Huyu wetu alikaa katika ufa chini ya jabali, na kazi yake kubwa ilikuwa kuogopa. Jani likianguka, pwa! anaruka. Mtoto akipiga chafya, chya! anaruka. Kukiwa kimya ndiyo anaruka zaidi, maana kimya cha nini? Baba watoto alisema anatoka kuota jua kidogo. Mpaka leo anaota.

Na sababu ya kuogopa ilikuwepo. Nyayo za watoto zilikuwa bado kavu. Kila asubuhi mama anawajaribu kwenye mwamba: wanapanda, wanapanda, pwata! chini. Wanapanda, wanapanda, pwata! chini. Na pimbi asiyeweza kupanda si pimbi, ni kitoweo. Mwezi mmoja tu, alikuwa akijiambia, mwezi mmoja nyayo zitashika, nitawahamishia kibaraza kile cha juu, hapo na mimi nitalala usingizi kama watu.

Mwezi haujafika hata robo, akasikia: kwaru, kwaru, kwaru!

"Hodi humu ndani!"

"Nani?"

"Shemeji yako."

"Sina shemeji."

"Leo umepata. Nimesikia umejifungua, nimekuja kuona watoto. Nina njaa ya kuwaona."

Alikuwa Nyegere. Mwenye ngozi nene hata nyuki wakimuuma anadhani wanamkuna. Mla asali, mla mayai, mla nyoka, na akishashiba hula tena ili tumbo lisijione mpweke. Kwaru, kwaru, kwaru! Ufa ukapanuka, kichwa kikaingia. Pimbi moyo ndu! ndu! ndu! Watoto nyuma yake wamekuwa kitu kimoja chenye macho sita.

Sasa pale mlangoni palikuwa na jiwe bapa kama meza, na juu yake Pimbi alikuwa amepanga vijitu vitano vya udongo alivyowafinyangia wanawe wasilie. Nyegere akavinusa.

"Na hivi? Vitamu?"

Woga ni kitu cha ajabu jamani, wengine unawafunga mdomo, Pimbi ukamfungulia. "Usiviguse! Hilo ni jeshi! Kwani hukuambiwa? Hapa majabalini hakuna anayechukua mtoto wa mtu kwa kunyakua tu kama kunguru, huo ni ushamba shemeji, siku hizi tunapigana mezani, jeshi langu na jeshi lako, ukishinda unachukua, ukishindwa unakwenda zako, hata Chui anafanya hivyo, Chui ana askari mia mbili!"

Mwenyewe hakujua maneno yametoka wapi. Chui hajawahi kuwa na askari hata mmoja.

Nyegere hakuuliza mtu anashindaje. Aliuliza, "Mia mbili?"

"Mia mbili."

"Anayeanza anaanza na wangapi?"

"Watano. Watano wanatosha kabisa." Akamweleza yote, mbio mbio, asije akapata nafasi ya kufikiri: askari anasogea urefu wa jani moja la nyasi, si zaidi, akitaka kupiga unarusha dadu ya mfupa, aliyejificha nyuma ya jiwe hapigwi mpaka aonekane. "Na sheria kubwa kuliko zote, shemeji: askari asiyepakwa rangi hapandi mezani. Kilemba chekundu, ngao nyeusi, macho meupe. Mawili."

"Macho pia?"

"Sasa bila macho atapigana na nani?"

Nyegere akakuna kichwa, akatoa kichwa, akaenda zake. Pimbi akakaa chini akatetemeka mpaka jioni.

Siku tano zikapita. Kwaru, kwaru, kwaru!

"Pimbi! Tupigane!"

"Wangapi?"

"Watano!"

"Wamepakwa?"

"Wamepakwa!"

Pimbi akachungulia. Mmoja macho yako kidevuni. Mwingine ana matatu. Mwingine kilemba kimemfunika mpaka miguuni, kama uyoga uliokasirika. Moyo ndu! ndu! ndu! Nyuma, watoto wamejaribu mwamba asubuhi hiyo, wamefika nusu, pwata!

"Wazuri hao," akasema. "Wanatosha, karibu mezani. Chui tu ndiye nasikia kaongeza tembo kumi."

"Tembo?"

"Wa udongo. Lakini wewe usijali, ni mgeni katika mchezo, watano wanakufaa."

"Nani mgeni? Nani Chui? Ngoja!" Akaondoka, vumbi puu!

Siku kumi zikapita. Kwaru, kwaru, kwaru!

"Pimbi! Tupigane!"

"Wangapi?"

"Hamsini! Na tembo kumi na mmoja!"

"Wamepakwa?"

"Watano wamepakwa."

"Wanatosha, karibu mezani. Chui tu nasikia anajenga boma, lenye minara."

"Boma? Ngoja!" Vumbi puu!

Mjue huko kwa Nyegere sasa hapakaliki. Udongo mlangoni, udongo kitandani, askari wamejaa mpaka darini, na wote udongo mtupu, ila wale watano, hawajaonja rangi. Asali hatafuti tena, anatafuta mfinyanzi. Mkewe akauliza, "Mume wangu, nilale wapi?"

"Hapo, katikati ya wapiga mishale."

"Utawapaka lini hawa?"

"Kesho."

"Jana ulisema kesho."

"Mwanamke, kwanza nimalize tembo wa arobaini!"

Kesho yake alfajiri, mume bado anakoroma, mke akachukua ufagio. Fagia! Fagia! Jeshi zima nje, chakachaka, likavunjwa na kupondwa. Akabakiza watano wenye rangi, akampiga mumewe teke la ubavu. "Chukua hawa, nenda, urudi na nyama. Ukirudi na habari za Chui, utalala nao huko huko."

Na asubuhi hiyo hiyo, jamani, watoto wa Pimbi walikuwa wamepanda mwamba. Wanapanda, wanapanda, masikio yanasubiri pwata, pwata haiji! Nyayo zimeshika! Pimbi akalia kwa furaha, akawarudisha ndani wanyonye kidogo wapate nguvu, kisha wahame. Kosa la mama, kumwacha mtoto na njaa hawezi. Hawajamaliza hata ziwa moja:

Kwaru, kwaru, kwaru!

"Pimbi! Tupigane!"

"Wangapi?"

"Watano!"

"Wamepakwa?"

"Wamepakwa! Na ole wako unitajie Chui!"

Njia ya kibarazani inaanzia nje, pale pale nyuma ya jiwe bapa, mbele ya macho ya Nyegere, na mkono wake unafika. Pimbi hana la kufanya ila kucheza. Akapanga watano wake, aliokwisha kuwapaka rangi. Jumbe wake, mkuu wa jeshi, akamficha nyuma ya kokoto.

Vita vikaanza. Dadu kolokolo, ta! Askari wa Pimbi chini. Kolokolo, ta! Wa Nyegere chini. "Nyasi yako ndefu!" "Yako ndiyo imepinda!" "Umemsukuma kwa pua!" "Pua yangu ni kubwa, nifanyeje?" Mpaka kukabaki jumbe wa Pimbi nyuma ya kokoto, na mpiga mshale mmoja wa Nyegere, yule mwenye macho kidevuni.

"Nampiga jumbe!" akasema Nyegere.

"Humwoni."

"Namwona!"

"Wewe unamwona, shemeji, wewe ni mrefu. Askari wako je? Sheria ni ya jicho la askari. Inama, weka kidevu juu ya jiwe, fumba jicho moja, angalia kutoka pale alipo."

Nyegere akajilaza kifudifudi, kidevu jiweni, mikono akailalia ili asitikise meza. Akafumba jicho moja. Pimbi akaita, sauti inatetemeka, "Watoto! Njooni mtazame baba mdogo anavyopigana!"

Watoto wakatoka, mmoja, wawili, watatu, wakajipanga nyuma ya jumbe, migongo kwenye mwamba. Pua ya Nyegere ingeweza kuwafikia kwa kupiga chafya tu.

"Naona kilemba..." akanong'ona Nyegere. "Au ni sikio? Hebu! Hawa watoto wako wananizibia!"

"Wanatazama vita, shemeji."

"Wanachanganyika na jumbe! Wote kahawia! Waondoe!"

"Niwapeleke wapi sasa? Ndani kumebomoka, umebomoa mwenyewe."

"Popote! Juu huko! Mnasikia nyinyi? Juu! Haraka, jicho linaniuma!"

Wakapanda. Ta, ta, ta, ta. Mama anahesabu nyayo kwa moyo, ndu, ndu, ndu, ndu. Wa mwisho akasita katikati. "Juu nimesema!" akafoka Nyegere, jicho bado limefumbwa. Mtoto akaruka mpaka kibarazani.

"Sasa namwona!" Nyegere akapiga kelele. "Kilemba chote!" Kolokolo, ta! "Chini jumbe! Nimeshinda!" Akacheza ngoma, akazunguka, akatikisa makalio.

"Umeshinda kweli, hongera," Pimbi akasema, na yeye tayari, pa! pa! pa! yuko juu. "Chukua zawadi yako. Ipo huku ulikoituma."

Nyegere akatazama juu. Akatazama meza. Akatazama juu. Akaparamia mwamba, kwaru, kwaru, pwata! Akaparamia tena, pwata! Akakaa chini, vumbi puani.

Pimbi kutoka kibarazani, sijui kiburi alikipata wapi, akasema, "Shemeji, yule mpiga mshale wako macho hayajakaa vizuri."

Nyegere akamwokota, akamgeuza geuza juani.

"Hata mimi nilikuwa naliona hilo," akasema. "Una rangi nyeupe ya kuniazima?"

Funzo la ngano hii, watoto wangu, ni kwamba vijitu vya udongo ni vya wanaonyonya. Mtu mwenye akili timamu hapotezi siku zake kuchora macho ya askari wa kidole kimoja. Na mama mwenye watoto wachanga asithubutu kujifunza mchezo wowote. Akae ndani, aogope kwa utulivu, asubiri baba watoto amalize kuota jua.

Ngano naitua hapa. Mwenye kichwa kitupu aibebe, mwenye kichwa kizima aipishe njia.