Skrubu ya Bunduki ya Nyani

— Paukwa!
— Pakawa! Endelea, tumeshakaa.
— Palikuwa na nani?
— Sema wewe uliyeona.
— Mimi sikuona. Walioona walikuwa wanakimbia. Nawapa nilichosikia kwao.

Hapo kale, si kale sana maana betri zilikuwepo, palikuwa na kilima cha mawe, na katikati ya mawe palikuwa na vidimbwi vya maji. Kiangazi kikaja. Vidimbwi vyote vikakauka, kikabaki kimoja.

Vijana wa mjini walikuwa wakija kilimani hapo kucheza vita vya mchezo. Siku moja wakasahau mfuko. Ndani yake mlikuwa na bunduki ya umeme, ile ya mchezo, inayorusha vigololi vya plastiki kwa nguvu ya betri. Mlikuwa pia na bisibisi, na kipande cha sola cha kuchajia. Aliyeuokota mfuko ni Nyani.

Nyani akaenda kukaa juu ya jiwe la kidimbwini. Ngiri akaja kunywa. Nyii-tak-tak-tak! Ngiri akarudi na kiu yake. Swala akaja kunywa. Nyii-tak-tak-tak! Swala akarudi na kiu yake. Kanga akaja kunywa. Nyii-tak-tak-tak! Kanga akarudi na kiu yake, na jicho moja.

"Maji haya yana mwenyewe," alisema Nyani, ingawa yeye hakuwa na kiu.

Nyani huyo alikuwa na tabia moja: hakumwamini mtu. Ukimwambia mvua inakuja, anatoka kwenda kuota jua. Ukimwambia tunda hili ni chungu, analimaliza, kisha analala na tumbo lake.

Kwenye mawe ya juu aliishi Pimbi, mnyama mdogo asiye na mkia, pamoja na mkewe na binti yao Tunu. Mkewe akaugua. Akaomba maji. Pimbi alishuka mara tatu, na mara tatu alirudishwa. Mara ya nne hapakuwa na haja ya kushuka.

Siku ya tisa baada ya hapo, bunduki ya Nyani ilianza kupata moto. Ilirusha vigololi vichache, ikanuka, ikazima. Ikipoa inawaka, ikiwaka inanuka, ikinuka inazima. Nyani akaipiga kofi. Haikusaidia. Kesho yake akamkumbuka Pimbi, aliyezaliwa chini ya sakafu ya karakana ya fundi redio, ambaye kilima kizima kilijua kwamba masikio yake yanaelewa mashine.

Nyani hakuja kuomba. Alimnyakua Tunu alipokuwa akiota jua, akamshika kwa mguu wa kushoto, maana mguu wa nyani ni mkono mwingine. Akarudi kukaa jiweni kwake, akaita:

"We Pimbi! We usiye na mkia! Shuka!"

"Nimeshuka, Mzee."

"Unakiona kivuli cha jiwe lile? Kikigusa maji kabla bunduki yangu haijapona, namtafuna huyu."

"Baba," alisema Tunu.

"Nakusikia, mwanangu. Tulia."

Kivuli kilikuwa hatua nne kutoka majini.

"Ilianza lini kupata moto?" aliuliza Pimbi.

"Jana."

"Jana ulifyatua kwa muda gani?"

"Tangu asubuhi."

"Bila kuipumzisha?"

"Kwani adui wanapumzika?"

"Jana alikuja nani?"

"Hakuja mtu. Nilikipiga kivuli changu. Kilikuwa kinanisogelea."

Nyuma ya jiwe, alikojificha na wenzake, Kanga akacheka. Kisha akakumbuka alipo, akanyamaza.

Pimbi aliigusa bunduki kwa mgongo wa mkono, kama alivyoona mafundi wakifanya. Akagusa kitako, mnamokaa betri: vuguvugu. Akagusa nyaya: vuguvugu. Akagusa kishikio, mnamokaa mota: akaondoa mkono haraka.

"Fyatua mara moja, Mzee. Juu angani."

Nyiiiii-tak!

"Tena."

Nyiiiii-tak!

"Mota ikilia kwa sauti nyembamba vile, imesukumwa mno kwenye gia. Inazunguka kwa taabu, na taabu ndiyo moto. Chini ya kishikio kuna skrubu. Nani aliikaza?"

"Mimi mwenyewe. Kitu kikikazwa kinakuwa kikali."

"Huo ndio ugonjwa."

Kivuli kilikuwa hatua tatu kutoka majini.

Pimbi alipiga hesabu. Akiiponya bunduki, kidimbwi kimepotea. Asipoiponya, Tunu amepotea. Aliutazama ule mguu wa kushoto. Vidole vyake vilikuwa vimezunguka shingo ya mwanawe. Akafikiri. Kisha akaamua kusema kweli. Tangu hapo, ndugu wasikilizaji, Pimbi hakusema uongo hata mmoja.

"Skrubu hii hurekebishwa mota ikiwa inazunguka," alisema, "ili sikio lisikie. Mikono yangu mifupi. Itabidi ushike mwenyewe. Shika kishikio kwa mkono wa kulia, kidole kwenye kifyatulio."

Nyani akashika.

"Shika mtutu kwa mkono wa kushoto, uelekeze juu."

Nyani akashika.

"Bana kitako kifuani."

Nyani akabana.

"Shika bisibisi kwa mguu wa kulia, uitie kwenye skrubu."

Nyani akashika, akaitia, akatabasamu hadi meno ya nyuma yakaonekana.

"Umeona, fundi? Mwingine angelazimika kumwachia mtoto. Mimi nina mikono minne."

"Naona, Mzee. Nimeihesabu."

Kivuli kilikuwa hatua mbili kutoka majini.

"Sasa fyatua, halafu uzungushe skrubu kushoto. Nusu mzunguko tu. Kushoto italegea."

"Kushoto?"

"Kushoto."

"Una hakika?"

"Nakuomba sana, Mzee, usiende kulia. Mota itaungua."

Nyani akamtazama. Aliona midomo ya Pimbi inatetemeka, akasema moyoni: Huyu nimemshikia mwanawe, hawezi kunitakia mema. Anachokiogopa yeye ndicho kitakachonifaa mimi. Akazungusha kulia.

Nyiiiiiii-tak-tak-tak!

"Huko ni kulia, Mzee."

"Najua!" Akazungusha tena kulia.

Nyiiiiiiiiii!

Vigololi vikaacha kutoka. Ikabaki sauti tu, na harufu ya waya unaoungua.

"Achia kifyatulio, Mzee."

"Niachie uipore?"

"Kishikio kinakuchoma."

"Hakinichomi!" alisema Nyani, na machozi yakimtiririka.

"Na betri inavimba. Iweke chini, usogee mbali."

"Aa! Kumbe unataka niiweke chini!" Nyani akaibana kifuani kwa nguvu zaidi.

Kivuli kilikuwa hatua moja kutoka majini. Tunu alikuwa amefumba macho. Pimbi alikuwa anasikiliza.

Fssss.

Moshi mweupe ukatoka kitakoni, na manyoya ya kifua cha Nyani yakaanza kuungua. Sasa, anayeungua kifua huruka, na anayeruka huhitaji mguu. Mkono wa kulia ulikuwa na kishikio. Mkono wa kushoto ulikuwa na mtutu. Mguu wa kulia ulikuwa na bisibisi. Ukabaki wa kushoto.

Vidole vikafunguka. Tunu akaanguka, pu!

"Kimbia," alisema Pimbi, wala hakupaza sauti.

Tunu akapenya kwenye ufa wa jiwe, akapotea. Ndipo Pimbi akageuka, akapiga kelele: "Mzee, itupe hiyo bunduki! Itupe!"

Basi Nyani akaikumbatia. Akapanda nayo kilima, anaruka, moshi unamfuata, bisibisi bado iko mguuni. Kivuli kikagusa maji, na hapakuwa na mtu wa kutafunwa.

Alasiri Nyani alirudi. Bunduki ilikuwa imeyeyuka, imekuwa donge. Viganja vyake vilikuwa vimejaa malengelenge, naye alitaka maji ya kuvipoza. Akakuta foleni: Ngiri, Swala, watoto wa Swala, Kanga.

"Nani wa mwisho hapa?" aliuliza kwa sauti ndogo.

"Mimi," alisema Kanga. "Simama upande huu, penye jicho zima, nikuone."

"Na fundi yuko wapi? Alinidanganya!"

"Alikudanganya nini? Sote tulikuwa nyuma ya jiwe. Tulimsikia."

Nyani akatafuta neno la uongo katika yote aliyoambiwa. Nasikia mpaka leo anatafuta.

Pimbi hakuwa kwenye foleni. Alikuwa wa kwanza kuchota maji, kwa jani moja pana, na hakunywa. Alipanda nalo taratibu, asimwage, hadi jiwe la juu alipokuwa akilala mkewe. Akayamwaga pale. Akakaa kidogo. Kisha akashuka, akasimama nyuma ya Nyani, akangoja zamu yake.

— Hadithi yangu nimeiweka chini hapa, ipoe. Ikiwa tamu gawaneni, ikiwa chungu nirudishieni.
— Na funzo lake?
— Funzo lake ni utiifu. Mwenye bunduki akikuita, nenda. Chombo chake kikague kwa makini, umweleze kweli yote, usimfiche hata kushoto wala kulia. Pimbi alifanya hivyo hivyo, na mmeona jinsi mkubwa wake alivyofaidika.