Sikio la Funo na Wasiofika Barazani

Paukwa!

Pakawa.

Mnaitika kama mnaombwa roho. Paukwa tena!

Pakawa!

Hapo zamani za kale, kabla nyasi hazijajua kukauka, ugonjwa wa sotoka uliingia mbugani. Alianza Nyati. Akatokwa machozi, akahara, akaanguka, puu. Akafuata Pofu. Akafuata Nyumbu.

Nungunungu alikuwa na dawa. Alichovya mwiba wake ndani ya dawa, akachanja sikio, kwaru, ikabaki chale. Nusu ya wanyama wakachanjwa. Nusu wakasema wangoje kwanza waone.

Digidigi alikuwa na mtoto mmoja, ndiyo kwanza miguu imeacha kuyumba. Alitaka kujua jambo moja tu: amchanje au asimchanje? Akaenda barazani kuuliza.

Afadhali asingeenda.

Baraza la mbuga lilikuwa na desturi yake: asiyefika hana neno, wala hasemewi. Basi akasimama Funo, paa mdogo wa vichakani, sikio limevimba kama papai. Akaeleza kwamba alichanjwa, na tangu hapo upande ule hasikii. Juzi chui nusura amkamate. Hakusema uongo. Wanyama wakaguna, mm-mm-mm.

Ngiri akadakia. Leo Funo, kesho mbuga nzima viziwi. Korongo, ambaye sotoka haimgusi hata unyoya, akajibu kwamba dawa haijamdhuru yeyote. Na Funo yuko pale pale, na sikio lake! Korongo akasema huenda alizaliwa nalo.

Ngiri akamwita Korongo kibaraka. Korongo akamwita Ngiri mla matope. Jua likapanda, wanatukanana. Jua likashuka, wanatukanana. Digidigi akauliza waliougua sotoka wanasemaje. Akajibiwa kwamba hao hawakufika, kwa hiyo hawana neno.

"Hawakufika kwa sababu wamekufa," akasema Digidigi. "Kama wao hawawezi kuja, twendeni sisi."

Wakaenda wakinung'unika mpaka bondeni kwenye magadi, walikolala wafu. Digidigi akapita akitazama masikio. Sikio zima. Sikio zima. Sikio zima. Sikio zima. Akaenda, akaenda, sikio zima. Kisha akasimama.

"Huyu ana chale," akasema.

Ngiri akachekelea. "Si nilikwambia, mama?"

"Nimemwona, bwana Ngiri, na nimemtaja mwenyewe. Haya, nawe nitajie hawa wengine wasio na chale."

Ngiri akatazama kwato zake. Korongo akaanza kupiga mbawa kwa furaha. Digidigi akamwambia atulie, maana anayemficha Funo hata akisema kweli ni shida kumwamini.

Akamgeukia Nungunungu, akamuuliza habari ya lile sikio. Nungunungu akakiri kwamba wachache huvimba, na wachache zaidi dawa haiwasaidii. Alijua tangu mwanzo. Alinyamaza asije akawatisha.

"Ungenieleza hivyo, ningemleta mwanangu mapema," akasema Digidigi. "Na jirani yangu aliyelala pale angejileta."

Nungunungu akachovya mwiba.

Mtoto akachanjwa, kwaru. Akashikwa na homa, akakataa ziwa. Mama yake akakesha akijilaumu, maana kujua hakuondoi hofu. Kulipokucha, akanyonya.

Asubuhi ile wanyama walipanga foleni. Ngiri naye alikuwamo na wanawe, akidai amekuja kutazama tu. Korongo akamwambia kitinda mimba wa Ngiri kwamba haitauma hata kidogo. Mtoto akarudi nyuma, akajibanza mguuni kwa baba yake.

Digidigi akashusha pumzi. Akamwinamia.

"Itauma, mwanangu. Utapata homa. Huenda sikio likavimba, ingawa si wengi wanaovimba. Lakini sotoka inaua."

Mtoto akamtazama Ngiri. Ngiri akampisha. Mtoto akaleta sikio.

Nanyi mlioketi hapa, wakubwa kwa wadogo, shikeni hili: ukipima dawa, pima pande zote mbili. Aliyeumizwa na dawa msimfiche. Aliyeuawa na ugonjwa msimsahau kwa kuwa hana kinywa cha kujitetea.

Ngano yangu imetua hapo. Anayetaka kubisha abishe, ila akapitie bondeni kwanza.